Mbaruk bin Rashid wa Gasi

Vijana wa Wesha wanaokwenda dago katika pwani ya Kenya hurejea na ng'onda, na fedha kidogo, na habari nyingi. Miongoni mwa habari hizo imo moja ambayo tumeulizwa zaidi ya mara moja, na swali lenyewe halikuulizwa kwa mzaha. Huko Gasi, kusini ya Mombasa, iko nyumba kongwe ambayo iliwahi kutumiwa kuwa skuli, na ambayo wenyeji huitaja kuwa ndiyo nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Mzee mmoja humwambia mgeni kwamba bwana wa nyumba hiyo alikuwa shujaa aliyewapiga Waingereza msituni kwa miezi mingi. Mzee mwengine, mtaa wa pili tu, humwambia kwamba katika chumba kimoja cha nyumba ile wafungwa walikuwa wakifukizwa moshi wa pilipili. Kijana anarudi kwao na kuuliza: tumshike yupi?

Tumeona tulijibu swali hili katika safu hii, si kwa sababu sisi ni mahodari wa tarikhi, bali kwa sababu Mbaruk ni jirani yetu kuliko tunavyodhani. Mkondo wa bahari unaotutenga na bara hauna upana mkubwa; Wesha inaitazama Tanga, na Gasi iko upande wa kaskazini ya hapo, safari ya jahazi ya siku moja upepo ukiwa mwema. Wapemba wametapakaa katika vijiji vya ufuoni kuanzia Vanga mpaka Kilifi na kupindukia, na mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa jamii miongoni mwa jamii za nchi ile. Kwa hiyo historia ya Gasi ni historia ya majirani na ya jamaa. Na zaidi ya hayo, kabla Gasi haijawa makao ya Wamazrui, kisiwa hiki cha Pemba kilikuwa chini yao.

Hapo ndipo inapotupasa kuanzia. Wamazrui waliletwa Mombasa na maimamu wa Kiyarubi wa Omani, baada ya Wareno kufukuzwa katika Ngome ya Yesu mwaka 1698. Waliwekwa kuwa maliwali, yaani watumishi wa dola. Ilipoanguka dola ya Wayarubi na Wabusaidi wakashika hatamu Omani katikati ya karne ya 18, Wamazrui walikataa kuwatii mabwana wapya, wakajitawala wenyewe Mombasa kwa muda wa karibu miaka mia. Pemba ilikuwa ghala lao. Mpunga wa mabonde yetu ndio uliowalisha watu wa Mombasa, na aliyetaka kuinyima Mombasa chakula alijua mahali pa kuikaba. Mabaki ya msikiti na makaburi yao yako Chwaka, karibu na Tumbe, na yeyote mwenye miguu anaweza kwenda kuyaona.

Je, Wapemba waliupenda utawala ule? Masimulizi yetu wenyewe yanasema hapana. Yanasema kwamba wazee wa kisiwa hiki walichoshwa na kodi na kazi za nguvu, wakatuma wajumbe wao mpaka Maskati kumwomba Sayyid Said bin Sultan awaondolee Wamazrui. Mnamo mwaka 1823 majeshi ya Sayyid Said yaliitwaa Pemba, na jitihada za Wamazrui za kuirudisha hazikufaulu. Uchungu wa kuipoteza Pemba haukuwatoka. Mwaka uliofuata walipomwomba Kapteni Owen wa manowari za Kiingereza awape himaya yake, mojawapo ya mambo waliyoyataka ni kurudishiwa kisiwa chetu. Himaya hiyo Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1826. Basi Wamazrui waliwahi kuikimbilia bendera ya Kiingereza miaka sabini kabla ya mjukuu wao kuipiga risasi. Jambo hilo halitajwi na wale wanaotaka hadithi iliyonyooka.

Wapemba nao walipata walichokiomba, na pamoja nacho wakapata wasichokiomba. Sayyid Said alileta karafuu, karafuu ikataka mashamba, na mashamba yakataka mikono. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya Pemba, bei ilipanda na uchu wa watumwa ukapanda nayo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini majahazi yaliendelea kuvuka usiku kutoka pwani ya bara kuja katika hori na mikoko ya kisiwa hiki. Ilikuwa karibu na Pemba, mwezi Disemba 1881, ambapo Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza aliuawa alipolisogelea jahazi moja la watumwa. Tunayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba habari za utumwa tutakazozisema juu ya Gasi ni habari za wenzetu peke yao.

Mombasa yenyewe iliangukia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837, baada ya vita vya miaka mingi na kwa hila zaidi kuliko kwa mizinga. Liwali wa mwisho wa Kimazrui, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakubwa wa ukoo wake wapatao ishirini na kitu, wakapakiwa chomboni kupelekwa Ghuba ya Uajemi, wala hawakurudi. Waliosalimika waligawanyika. Wengine walikwenda Takaungu, kaskazini ya Mombasa, wakapatana na mtawala wa Unguja. Wengine walikwenda kusini, wakajenga Gasi. Mbaruk alikuwa mwana wa yule Rashid bin Salim. Mtoto aliyekua akijua kwamba baba yake alichukuliwa kwa ahadi za amani akafishwa ugenini, haihitaji mtu kumfundisha chuki ya nyumba ya Wabusaidi.

Alipokuwa mkubwa wa Gasi, Mbaruk aliasi mara kadhaa. Katika enzi ya Sayyid Barghash alipigana na kupatana, akapigana tena na kupatana tena. Mwaka 1882, baada ya fujo za Vanga, serikali ya Unguja ilimtuma Mwingereza aliyekuwa mkuu wa askari wake, Lloyd Mathews, kwenda kulizingira boma la Mwele lililoko katika vilima vyenye misitu nyuma ya Gasi. Boma lilitwaliwa; Mbaruk aliponyoka. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya vita vyake: hakuwa na haja ya kushinda siku moja, ilimtosha kutokamatwa. Kila aliporudi kutoka msituni alikuta watu bado wanamngoja, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyewaletea watu wake moto na njaa mara baada ya mara.

Ni akina nani waliomfuata? Hapa pana mambo ya kushangaza. Walikuwamo Waarabu wa ukoo wake na Waswahili wa miji, walikuwamo watumwa wake aliowapa bunduki, na walikuwamo pia watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana wengine na kutafuta kivuli kwake. Baadhi ya Wadigo na Waduruma walishirikiana naye. Wengine miongoni mwa Wadigo na Waduruma hao hao walivamiwa na watu wake, wakachomewa vijiji, wakachukuliwa na kuuzwa, hasa katika miaka ya 1880, njaa ilipozidi na mtu alipokuwa akimweka rehani mwanawe kwa pishi ya nafaka. Jeshi moja lilikuwa kimbilio la mtoro wa Mombasa na balaa la mkulima wa Shimba. Anayetaka kumweka Mbaruk katika fungu moja tu, la wakombozi au la madhalimu, na aanze kwa kulieleza jeshi hilo.

Kisha ikaja Kampuni. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati ya kifalme ya kuendesha pwani ambayo mtawala wa Unguja alikuwa ameikodisha, na kwa muda wa miaka michache Mbaruk aliishi nayo vizuri. Ilimpa mshahara, naye akatulia. Tusimfiche kwa hilo. Wengi katika pwani hii, wakubwa kwa wadogo, walidhani kwamba Mzungu ni mfanyabiashara mwengine tu aliyekuja na msimu na atakayeondoka na msimu, na kwamba mkataba naye ni kama mkataba na tajiri wa Kihindi: unaweka dole gumba, unachukua fedha, mambo ya nyumbani yanabaki nyumbani. Kosa la Mbaruk lilikuwa kosa la zama zake.

Jambo lililofungua macho lilitokea Takaungu mwanzoni mwa mwaka 1895. Alifariki liwali wa huko, Salim bin Khamis. Kwa desturi ya ukoo, uongozi ulimwendea mtu mzima anayekubaliwa na wazee, na wengi walimtazama mpwa wa marehemu, naye pia akiitwa Mbaruk bin Rashid. (Msomaji asichanganye: walikuwa Mbaruk wawili, wana wa Rashid wawili; mmoja wa Takaungu, kijana kiasi, na mmoja wa Gasi, mtu mzima, ambaye ndiye tunayemzungumza.) Kampuni ilimtaka mwana wa marehemu, Rashid bin Salim, kwa kuwa alikuwa kijana mwepesi wa kusikia la mkubwa. Ikamweka. Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz wakatoka na watu wao, wakaingia bara. Waingereza wakatuma askari.

Mtu atasema kwamba huo ulikuwa ugomvi wa mirathi, na ndivyo maofisa wa Kiingereza walivyotaka uandikwe. Sisi tunasema kwamba swali lililoulizwa Takaungu lilikuwa kubwa kuliko kiti chenyewe: nani ana haki ya kumteua kiongozi wa watu, watu wenyewe au karani wa kampuni aliyekaa Mombasa? Katika mwezi Juni 1895 himaya ya Kiingereza ilitangazwa Afrika Mashariki, na tarehe 1 Julai Kampuni ikakabidhi kila kitu kwa Serikali ya Uingereza. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mkataba wao ulikuwa na mtawala wa Unguja, au na Kampuni. Asubuhi moja wakaambiwa kwamba sasa wanatawaliwa na Malkia. Wengi waliokuwa wakisitasita walikata shauri siku hiyo.

Watoro wa Takaungu walikwenda kumwangukia mzee wao wa Gasi. Arthur Hardinge, Balozi Mkuu wa Kiingereza aliyekuwa Unguja na ambaye ndiye alishika madaraka ya himaya hiyo mpya, alimtaka Mbaruk awatoe. Mzee huyo alikuwa na kila sababu ya kidunia ya kukubali. Alikuwa na mshahara, na nyumba, na umri umemwendea, na ugomvi wa Takaungu haukuwa wake. Matawi yale mawili ya ukoo yalikuwa hayapatani tangu zamani. Hata hivyo hakuwatoa. Kwa watu waliosoma chuoni kama sisi, na waliolelewa katika mila za pwani, hapahitaji maelezo marefu: mgeni aliyeingia nyumbani kwako akakushika magoti, tena akiwa damu yako, hakabidhiwi kwa adui. Tunaweza kumlaumu Mbaruk kwa mengi, lakini kwa hili hatuwezi.

Mwezi wa Agosti 1895 Admirali Harry Rawson aliteremsha mabaharia na askari wake, akashika Gasi, kisha akapanda vilimani. Pamoja naye walikwenda askari wa Kisudani, na askari wa serikali ya Unguja wakiongozwa na yule yule Mathews, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu wa Sultani, na msururu mrefu wa wapagazi. Tarehe 17 Agosti boma la Mwele lilivunjwa. Mathews mwenyewe alijeruhiwa. Mbaruk, kama desturi yake, hakuwamo mikononi mwao jua lilipokuchwa.

Yaliyofuata ni vita vya miezi minane ambavyo wenye bunduki bora hawakuvipenda. Pwani nzima kutoka Vanga mpaka Malindi iliwaka. Hamisi bin Kombo, mkubwa wa Mtwapa na mtu wa Thenashara Taifa, alijiunga nao, na kwa kujiunga kwake ikadhihirika kwamba vita havikuwa tena vya Wamazrui peke yao. Baadhi ya Wagiriama waliwapa nafaka. Aziz aliuingilia mji wa Malindi na kuutia moto. Stesheni za Waingereza zilishambuliwa, na njia za bara zikawa za hatari wakati ule ule Waingereza walipokuwa wakijitayarisha kuweka mataruma ya reli ya kwenda Uganda. Askari waliokuwapo hawakutosha. Mwezi Machi 1896 ilibidi waletwe askari wa Kibaluchi kutoka Bara Hindi, kikosi kizima, kumwinda mzee mmoja na jamaa zake.

Mashamba ya mahindi na mtama yalikuwa yameteketezwa na pande zote mbili, na watu wanaokula mizizi hawawezi kubeba bunduki muda mrefu. Mwezi Aprili 1896 Mbaruk na wenzake waliuvuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani, wakiwa na wafuasi zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakajisalimisha kwa Gavana Hermann von Wissmann. Huyu Wissmann ndiye aliyevivunja vita vya Abushiri bin Salim, na ndiye ambaye serikali yake ilimnyonga Abushiri Pangani mwezi Disemba 1889. Mtu anayemkimbia Mwingereza kwenda kumwangukia aliyemnyonga Abushiri hakwenda kwa mapenzi. Wajerumani walimpokea kwa heshima, kwa kuwa ilikuwa raha kwao kuwa na kitu ambacho Waingereza walikitaka. Walimweka Dar es Salaam, na huko akaishi miaka iliyobaki, akafariki mwaka 1910, bila kurudi Gasi.

Hapo Dar es Salaam hakukaa peke yake. Miezi minne baada ya kuvuka kwake, tarehe 27 Agosti 1896, Admirali yule yule Rawson aliyavunja kwa mizinga majumba ya mfalme mjini Unguja kwa muda usiotimia saa, akamtoa Sayyid Khalid bin Barghash aliyekalia kiti bila idhini ya Balozi. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akavushwa mpaka Dar es Salaam. Hivyo mwana wa Barghash na mwana wa Rashid bin Salim, ambao baba zao na babu zao walipigana kwa miaka mia, walikutana katika mji mmoja wakila riziki ya Mjerumani kwa kosa moja: wote wawili walidai kwamba mtawala asiteuliwe na Balozi wa Kiingereza. Askari wa Unguja waliopanda Mwele mwaka 1895 kumsaidia Rawson hawakujua kwamba mwaka mmoja baadaye mizinga yake itaelekezwa kwao. Tungependa viongozi wa leo waupime mfuatano huo wa tarehe bila haraka.

Sasa turudi kwenye swali la kijana wa Wesha. Kumbukumbu ya Mbaruk imepitia mikono mingi, na kila mkono uliacha alama zake. Maofisa wa Kiingereza walimwandika kuwa mhaini na mfanya biashara ya watumwa, na walikuwa na haja ya kumwandika hivyo, maana waliotaka fedha za vita kutoka London walijua kwamba neno utumwa hufungua mifuko. Lakini hawakulizua. Wakati huo huo Waingereza hao waliiacha sheria ya utumwa isimame Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907, ili wasiwaudhi wenye mashamba waliokuwa upande wao. Dhambi ya Mbaruk kwao haikuwa kumiliki watu. Ilikuwa kutotii.

Ukoo wake nao uliandika. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na ambaye elimu yake inajulikana mpaka katika vyuo vya Pemba, aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya Wamazrui, ikachapwa mwaka 1995, miaka mingi baada ya kufariki kwake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni kitabu cha mwanachuoni, tena ni kitabu cha mtoto wa nyumba. Kisha kuna kumbukumbu ya ardhi, ambayo haiandikwi kwa wino peke yake. Mashamba ya Wamazrui huko Takaungu yaliwekewa sheria ya wakfu mwaka 1914, sheria hiyo ikafutwa mwaka 1989, mambo yakafika mahakamani, na huku wakulima waliozaliwa juu ya ardhi hiyo, wengine wakiwa wajukuu wa watumwa, wanauliza babu zao waliilima kwa malipo gani. Pale ambapo kila neno la historia linaweza kuwa hati ya shamba, hakuna anayesimulia bila kutazama nyuma ya bega lake.

Si pwani hii peke yake. Wasomali wana kisa kinachofanana. Sayyid Muhammad Abdille Hassan alipigana na Waingereza, Wahabeshi na Wataliana kuanzia mwaka 1899 mpaka alipofariki mwaka 1920, baada ya ngome zake za Taleh kupigwa kwa ndege. Serikali ya Somalia huru ilimfanya baba wa taifa, ikamwekea sanamu ya farasi mjini Mogadishu. Lakini makabila aliyoyapora ngamia na kuwaua watu wao hayakusahau, hasa katika upande wa kaskazini, na serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991 sanamu hiyo nayo ilivunjwa. Serikali ilisimamisha shujaa wa kila mtu bila kuwauliza walioumizwa naye.

Sisi wa Tanzania tulifanya namna nyengine: tulinyamaza. Skuli tulifundishwa Abushiri, na Bwana Heri, na Mkwawa, na Kinjeketile. Mbaruk hakufundishwa, kwani mpaka uliochorwa na Wazungu mwaka 1886 ulimweka upande wa pili, ijapokuwa alifia na kuzikwa katika nchi yetu. Na hapa Pemba ukimya ulikuwa na sababu ya ziada. Tangu Zama za Siasa, kabla ya Mapinduzi ya 1964, jina la ukoo limekuwa likitumiwa kama fimbo. Huyu ameitwa Mwarabu ili anyamazishwe, na yule ameitwa mtumwa ili adhalilishwe, na kila ukikaribia uchaguzi fimbo hizo hutolewa darini. Sisi wa Chama hatuna haki ya kusema kwamba mikono yetu haikuzishika. Tumesikia kwa masikio yetu, katika mikutano yetu na katika mikutano ya wenzetu, maneno ambayo Mathews angefurahi kuyasikia, kwa kuwa wakoloni waliyahesabu watu wa visiwa hivi kwa rangi na kabila ili wasiwe na hesabu moja.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana ni kwamba wazee wote wawili wa Gasi wamemwambia alichokipokea, na wote wawili wasikilizwe. Ya moshi wa pilipili hatuwezi kuyathibitisha wala kuyafuta. Lakini kwamba watu walikamatwa na kuuzwa na watu wa Mbaruk, hilo halina shaka. Na kwamba alikataa kuwakabidhi wageni wake kwa Mwingereza, akapoteza nyumba, mji na nchi kwa kukataa huko, hilo pia halina shaka. Mtu aliyefanya mambo yote mawili alikuwa mmoja.

Kwa maofisa wetu tuna neno la kazi. Pemba tunayo makumbusho katika ngome kongwe ya Chake Chake, na tunayo magofu ya Chwaka na ya Pujini. Juu ya Pujini hatujawahi kuona haya: kila mtoto wa kisiwa hiki anajua kwamba Mkame Ndume alikuwa mtawala mkali aliyewakokotesha watu mawe, na bado tunamwonesha mgeni kuta zake kwa fahari, na ukali wake tunautaja hapo hapo. Kwa nini basi kalamu zitetemeke tukifika kwa Wamazrui? Ni kwa kuwa Mkame Ndume hana wajukuu wanaopiga kura, wala hakuna shamba linalodaiwa kwa jina lake. Tunashauri kwamba mahali wanapotajwa Wamazrui katika makumbusho na skuli zetu, itajwe kodi ya mpunga, wajumbe waliokwenda Maskati, karafuu na watumwa waliovushwa kuja kuichuma, na itajwe Mwele, na askari wa kutoka visiwani waliokwenda kulivunja boma lile wakiwa na Rawson. Watajwe wote katika maelezo yale yale, kwa maandishi yenye ukubwa ule ule, kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Wesha atakisoma bila mkalimani.

Na tunashauri kwamba kabla ya kuandikwa lolote, wakaulizwe watu. Wako wazee Wesha, Ndagoni, Tumbe na Micheweni ambao babu zao walikwenda na kurudi Gasi na Vanga wakati Mbaruk bado akikumbukwa kwa sura. Wako wengine ambao bibi zao waliletwa kwa jahazi usiku, na ambao mpaka leo hawataki kulitaja jina la kijiji walikotolewa. Hao wa pili hawatakuja wenyewe ofisini, wala barua ya mwito haitawaleta. Itabidi afisa avue viatu, akae jamvini, na asubiri.

Msimu wa dago ukifika, mashua zitaondoka tena Wesha kuelekea kaskazini. Tumemwomba yule kijana aliyetuuliza, safari hii atafute pia upande wa nyuma wa kijiji cha Gasi, kwa Wadigo, aulize wao wanamwitaje Mbaruk, kisha arudi atwambie.